Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya Mombasa: Msitufanye Tumwongopee Daktari

Kwa waheshimiwa mnaosimamia huduma za afya katika Kaunti ya Mombasa, kwa madaktari wasimamizi wa hospitali za umma, na kwa wote wenye dhamana ya kliniki za methadoni.

KUH: WASIWASI WA MGONJWA ANAYEACHA UNGA, NA NAMNA ANAVYOPOKEWA NA DAKTARI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkaazi wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 43, nina mke na watoto wawili. Kwa muda mrefu nimekuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, kazi ya kujaza fomu za mizigo na kukimbizana na mihuri, na kwa miaka tisa nilikuwa pia mtumiaji wa heroini, ambayo sisi huku twaiita unga. Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kunywa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga mwilini ili mtu aweze kuuacha, kila asubuhi mbele ya muuguzi, na tangu hapo sijarudi maskani, yaani kijiweni tulikokuwa tukitumia unga. Silitaji jina langu kwa sababu watoto wangu wanasoma, na wenzao darasani wana masikio. Wala sitataja hospitali wala daktari yeyote, kwa kuwa siandiki barua hii ili mtu aitwe ofisini kujieleza. Yaliyonipata naamini yangeweza kunipata katika kituo kingine chochote, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ninalotaka kuwaambia ni jambo moja. Mgonjwa anayeacha dawa za kulevya, akimwendea daktari kwa ajili ya wasiwasi, hupata huduma akiificha historia yake na huikosa akiisema. Nimezijaribu njia zote mbili, na zote mbili nusura zinitie kaburini.

Ilianza katika mwezi wa saba wa kunywa methadoni, jioni ya siku ya kazi, ndani ya feri ya Likoni. Mnaijua hali ya feri saa kumi na moja: watu bega kwa bega, baiskeli, mikokoteni, magari yameshikana, na hakuna pa kwenda mpaka ng'ambo. Feri ilipoliacha gati moyo wangu ulianza kwenda mbio bila sababu yoyote, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, jasho la baridi likanitoka hadi kwenye soksi, nikawa na yakini kwamba nakufa pale pale katikati ya maji. Mama mmoja mwenye kikapu cha mabuyu alinipa maji akaniketisha juu ya ndoo yake. Tulipofika upande wa pili nilikuwa mzima wa afya, nimejaa haya tu. Baada ya siku hiyo hali ile ikazoea kunitembelea, mara ndani ya matatu, mara kwenye foleni ya benki, na mara moja katikati ya swala ya Ijumaa, hata nikawa naswali safu ya mwisho karibu na viatu, nisije nikakosa njia ya kutoka.

Mtu yeyote aliyewahi kutumia unga anajua tulizo la hali ile linapatikana wapi na kwa bei gani. Nilikwenda hospitali badala ya maskani, na hilo sitaliona dogo hata mngeniona najisifu.

Daktari wa kwanza sikumwambia kwamba nakunywa methadoni. Alinikuta nimevaa shati la kazi, nina kalamu mfukoni na nasema Kiswahili cha ofisini. Akaniuliza kama nina presha, kama nina sukari, kama napata usingizi, nami nikamjibu. Hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, na mimi sikujitolea kusema, kwa sababu nilijua kwamba neno methadoni lingebadilisha namna anavyoniangalia. Dakika tano hazikutimia nikatoka na karatasi ya diazepamu, dawa ya kutuliza, tembe moja kila usiku kwa mwezi mzima.

Hapa lazima niseme kweli, maana bila ya kweli barua hii haina faida: tembe zile zilifanya kazi vizuri mno. Wengi wetu tuliotoka maskani tunazifahamu tembe za jamii hiyo, zile bugizi ambazo vijana huzimeza ili kuukoleza unga, na utulivu wake mtu hausahau. Nilipomeza ya kwanza niliutambua papo hapo. Niliposhikwa na hofu mchana nikaanza kumeza na ya pili. Mwezi ulipokwisha, duka la dawa la mtaani likaniuzia nyingine bila ya kuniuliza karatasi.

Wiki ya tatu mke wangu aliacha kulala. Aliniambia kwamba nakoroma, kisha nanyamaza, na kule kunyamaza kwangu kunarefuka mpaka anitikise ndipo nivute pumzi. Nilidhani ni mapenzi yamemzidi. Sikujua kwamba methadoni na diazepamu kila moja hupunguza nguvu ya ubongo kuiendesha pumzi, na kwamba zikikutana usingizini mtu anaweza kuacha kupumua asiamke tena. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza mwaka 2016 kwamba onyo zito kabisa kuhusu mchanganyiko wa dawa za aina hizi liwekwe kwenye maelezo ya dawa zenyewe. Onyo hilo halikunifikia mimi, kwa kuwa mwenye kulijua hakuniuliza, na mwenye kupaswa kuulizwa alikuwa anaficha.

Wiki ya saba niliamua kusema. Nilikwenda hospitali nyingine, nikakaa mbele ya daktari, nikamweleza yote tangu mwanzo: unga miaka tisa, methadoni miezi kumi, wasiwasi, diazepamu, na kukoroma kwangu. Alikuwa anaandika, niliposema unga kalamu ikasimama. Akasema, "Kumbe wewe ni teja." Kisha akaniambia kwamba nimekuja kutafuta tembe, kwamba watu wa namna yangu wanajulikana, kwamba niende kwa hao walionizoea, na hizo nilizonazo nizitupe siku hiyo hiyo. Mlango ulikuwa wazi. Alisikia muuguzi, na nyuma ya muuguzi lilisikia benchi zima la wagonjwa, akiwemo jirani yangu wa ghorofa ya chini ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiniita bwana karani.

Nilizitupa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mgonjwa mtiifu, na utii huo ulinifikisha pabaya kuliko uasi wangu wote. Mtu aliyezoea tembe zile kwa wiki kadhaa hazikati kwa siku moja. Huzipunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi, kwa kuwa mwili ukinyimwa ghafla unaweza kuangushwa na kifafa hata kama mtu hajawahi kuwa na kifafa tangu azaliwe. Usiku wa pili mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kushika kikombe. Usiku wa tatu mlio wa feni ulikuwa kama gari la mizigo linapita juu ya kitanda, na nilikaa ukingoni mwa kitanda hadi adhana ya alfajiri, nikihesabu ni nauli kiasi gani ya tuktuk hadi maskani.

Waheshimiwa, mimi ni karani, kwa hiyo nimelipiga jambo hili hesabu. Nilipodanganya nilipewa tembe thelathini. Niliposema kweli sikupewa hata barua ya kunipeleka kwa mwingine. Mtu mwenye akili timamu akipata matokeo hayo mawili atafanya nini mara ya tatu?

Sisemi kwamba daktari yule wa pili hakuwa na sababu. Sisi tulioishi na unga tumewadanganya madaktari kwa miaka na miaka. Mimi mwenyewe niliwahi kuigiza maumivu ya mgongo kwa ufundi ambao ungenipatia kazi katika michezo ya redio, na tembe nilizopewa kwa ajili ya mgongo huo hazikufika nyumbani. Daktari ana leseni ya kuilinda, ana jina, na ana kumbukumbu za watu kama mimi. Lakini watu wetu husema kwamba wasiwasi ndio akili, na wasiwasi wa daktari yule juu yangu ungekuwa akili kweli kweli kama ungemfanya aulize zaidi. Yeye ulimfanya afunge jalada.

Na neno lenyewe, wasiwasi, lina matata yake. Katika mji huu mtu huwa na wasiwasi kwamba amechelewa feri; mwingine ana wasiwasi na mkewe; mzee anayerudia udhu mara nne kwa kutoamini kwamba ameeneza maji naye huitwa mtu wa wasiwasi, na wazazi wetu walitufundisha kwamba wasiwasi ni mnong'ono wa shetani kifuani, ambao dawa yake ni kisomo. Sikidharau kisomo; mama alinisomea na nikapata nafuu ya usiku mmoja. Ila mgonjwa anapoingia kwa daktari akasema "nina wasiwasi", daktari aliyesomea udaktari wake kwa Kiingereza anaweza kusikia neno la mazungumzo tu, wala si ugonjwa. Ndiyo maana wengi wetu hatulitumii. Tunasema roho inadunda, moyo unaruka, kifua kinawaka moto, kichwa hakitulii, na hayo tukiyasema tunapimwa malaria.

Kwa anayeacha unga matata hayo yanaongezeka maradufu, kwa sababu arosto, yale mateso ya mwili ulionyimwa unga, nayo ina dalili hizo hizo: jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kutotulia mahali pamoja. Mgonjwa mwenyewe hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Akiyasema haya ndani ya kliniki ya methadoni, anayemsikiliza anaweza kudhani kwamba anadai dozi iongezwe. Akiyasema nje ya kliniki hiyo, anadhaniwa kwamba anadai tembe. Hakuna pahali ambapo anadhaniwa kwamba ni mgonjwa tu.

Nakunywa methadoni katika foleni moja na wenzangu wengi, na niruhusuni niwaeleze yaliyompata mmoja wao, kwa kuwa mkasa wake unafundisha kuliko wangu. Alikuwa ametulia kwa muda mrefu kwenye dozi yake. Akapatikana na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa katika kituo kingine, na baada ya siku kama kumi hivi akawa hakai, halali, jasho linamtiririka, anasema anahisi kuna jambo baya linamjia. Aliambiwa kwamba ni hofu ya ugonjwa, azoee. Ukweli ni kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huliharakisha ini katika kuichambua methadoni, hata kikombe kile kile kilichomtosha mtu jana kikawa hakimtoshi leo. Mwenzetu yule hakuwa na wasiwasi. Alikuwa kwenye arosto kamili, iliyosababishwa na tembe alizopewa na serikali yake kwa nia njema. Baadhi ya dawa za kifafa na za virusi vya UKIMWI, kama vile karbamazepini na efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Alirudi maskani kabla ya mtu yeyote kuziweka karatasi zake mbili juu ya meza moja.

Mimi niliokolewa na dada yangu. Asubuhi baada ya usiku ule wa tatu alinishika mkono akanipeleka kituo cha tatu, na huko tukapokewa na afisa wa kliniki, mwanamke wa makamo, ambaye jambo lake la kwanza lilikuwa kutafuta mlango. Vyumba vyote vilikuwa na pazia tu. Mwisho wa ukumbi kilikuwako chumba kimoja chenye mlango, kimegeuzwa ghala, kimejaa maboksi ya glavu na viti vilivyovunjika. Alisogeza maboksi mawili kwa mguu, akatoa viti viwili visivyo na migongo, akafunga mlango, kisha akamwambia dada yangu, "Dada, tungojee nje kidogo, huyu kaka anataka kusema peke yake."

Maswali aliyoniuliza nimeyahifadhi. Je, hofu hii huja kabla ya kunywa dawa ya asubuhi na kuondoka saa mbili tatu baadaye, au huja wakati wowote? Kama huja kabla ya dozi kila siku, basi huenda dozi haitoshi na jambo liangaliwe huko. Je, natumia dawa gani nyingine, za hospitali na za mtaani, na za mitishamba? Je, natafuna muguka? Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli: nilipoacha unga nilihamia kwenye muguka, yale majani ya jamii ya miraa, ili nisilale kazini, wala haikuwahi kunipitikia kwamba kitu kinachouharakisha moyo wa mtu mzima hakitauacha moyo wangu mimi. (Mji huu umebishana sana kuhusu muguka tangu gavana alipoupiga marufuku mwezi wa Mei 2024 na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, lakini katika mabishano yote yale sikusikia mtu akiutaja moyo.) Je, nakunywa pombe? Je, nimepungua uzito, nahisi joto wakati wengine hawahisi, maana tezi ya shingo nayo huweza kumfanya mtu atetemeke hivi? Akaagiza damu ipimwe, akaagiza na kipimo cha moyo cha ECG, akinieleza kwamba methadoni yenyewe inaweza kuuvuruga mdundo wa moyo, na kwamba baadhi ya dawa za wasiwasi huongeza mvurugo huo, kwa hiyo hawezi kuniandikia chochote kabla ya kuona.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu niingie katika mambo haya: kabla ya unga, ulikuwa mtu wa hofu?

Nilinyamaza kwa muda. Halafu nikamweleza kuhusu darasa la saba, mwalimu aliponiita nisome mbele ya wenzangu, sauti ikakatika, nikajikojolea. Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya baraza yenye watu, kwa kuwa ningelazimika kutoa salamu. Nikamweleza kwamba siku ya kwanza nilipovuta unga nilikuwa na miaka 31, ilikuwa jioni ya harusi ya binamu yangu, nami nilikuwa nimepewa jukumu la kusema kwa niaba ya familia. Binamu mwingine akanipa nijaribu ili nipate ujasiri, na nikasema, nikasema vizuri, watu wakacheka penye kuchekesha. Miaka tisa nilikuwa nikiitafuta jioni ile. Unga ulikuwa dawa ya wasiwasi wangu kabla haujawa ugonjwa wenyewe, na waliponiondolea unga, wasiwasi ukabaki pale pale ulipokuwa tangu darasa la saba, umekaa unaningojea. Sidhani kwamba niko peke yangu. Wale ambao wameacha unga na wakaurudia, ningependa kujua ni wangapi waliwahi kuulizwa swali hilo.

Afisa yule alinipa karatasi yenye maswali saba yanayohusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, ile iitwayo GAD-7, kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3. Nilipata 17 kati ya 21. Alama 10 na zaidi humtaka mganga aangalie kwa makini. Karatasi hiyo haihitaji mashine wala maabara, hujazwa kwa dakika chache, na iko kwa Kiswahili. Watafiti wa Kilifi, hapo jirani, waliijaribu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakachapisha matokeo mwaka 2020 yakionyesha kwamba kipimo hicho cha Kiswahili kinaaminika. Kwa nini haijawa katika kila meza ya Mombasa, mimi sioni sababu.

Matibabu yenyewe nitayaeleza kwa ufupi. Zile tembe za diazepamu zilirudishwa kwa kiwango kidogo, lakini sikukabidhiwa pakiti. Nilikuwa nikipewa moja kila asubuhi na mkono ule ule unaonipa kikombe cha methadoni, na kiwango kikapunguzwa kila baada ya wiki mbili hadi kikaisha. Nilianzishiwa sertralini, dawa ambayo haileweshi na haina soko maskani, nikaambiwa mapema kwamba nitangoja wiki kadhaa kabla ya kuona faida, na kwamba siku za mwanzo inaweza hata kunizidishia kihoro. Angelinyamazia hilo, ningeliiacha siku ya nne. Mshauri nasaha naye alinipa kazi ya ajabu: nipande feri pamoja na dada yangu saa nne asubuhi, wakati watu wamepungua, nibaki humo hofu ikija mpaka ishuke yenyewe, kisha nirudi nayo, siku baada ya siku, na kila wiki saa isogezwe karibu na jioni. Sasa navuka saa kumi na moja. Bado sipendi.

Haya yote hayakuwa ubunifu wa mtu mmoja mwenye huruma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema kwamba tembe za jamii ya diazepamu hazipendekezwi kuwa tiba ya wasiwasi wa kudumu, na kwamba zikitumiwa kwa dharura kali zisizidi siku tatu hadi saba, ilhali dawa za jamii ya sertralini na ushauri nasaha ndizo zinazopendekezwa. Na Marekani ile ile iliyoonya mwaka 2016 ilirudi mwaka 2017 kufafanua kwamba mgonjwa asinyimwe methadoni kwa sababu tu anatumia tembe zile, kwa kuwa hatari ya kumwacha bila tiba ya unga inaweza kuwa kubwa kuliko hatari ya mchanganyiko, na kinachotakiwa ni uangalizi. Daktari wa kwanza alinipa kitu kisichofaa kunipa, wa pili akaniondolea kwa namna isiyofaa kuniondolea, na wote wawili wangeweza kukingwa na karatasi moja ya maelekezo iliyobandikwa ukutani.

Sheria nayo iko upande wetu, tena kwa maneno yaliyo wazi. Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka habari za mgonjwa zitunzwe kwa siri. Na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamhesabu mtu mwenye uraibu kuwa miongoni mwa wagonjwa wa akili wanaostahili tiba, na yanazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hiyo katika vituo vyao. Maana yake ni kwamba mbele ya sheria uraibu wangu na wasiwasi wangu viko katika jalada moja. Ni hospitalini tu ndiko vinakotenganishwa, kila kimoja kikielekezwa dirisha lake.

Mwezi wa Agosti 2014, meli iitwayo Al Noor, iliyokamatwa na heroini, ililipuliwa baharini nje ya Mombasa, na rais wa wakati huo alikuwepo kushuhudia. Niliutazama mlipuko huo kwenye televisheni ya kibanda cha chai, kete yangu ya unga ikiwa mfukoni. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilianza kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha huduma ikashuka Pwani. Mlipuko haukuniondolea hata kete moja. Kikombe ndicho kilichonitoa, na kwa hilo nawashukuru nyinyi na waliokuwa kabla yenu. Ninachoomba ni kwamba anayekunywa kikombe hicho apate pia mtu wa kumsikiliza.

Naomba kwanza kwamba kila mgonjwa wa nje, katika kila hospitali ya umma ya kaunti hii, aulizwe anatumia dawa gani, na aulizwe hata yule mwenye shati safi na kalamu mfukoni. Swali likiulizwa kwa kila mtu halimtii mtu yeyote aibu, na uongo wangu wa siku ya kwanza usingepata pa kujificha. Naomba iandikwe, na mgonjwa aonyeshwe maandishi hayo, kwamba kukiri kutumia tembe au kukiri kwamba ameteleza hakutamkosesha mtu methadoni yake. Naomba kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya methadoni zijulishane siku hiyo hiyo mgonjwa wao mmoja anapoanzishiwa dawa mpya. Naomba sertralini isikosekane kwenye dirisha la dawa la hospitali, maana inapokosekana tunaambiwa tukanunue, na njiani kwenda kununua kuna watu wanaouza kitu cha bei nafuu zaidi. Na naomba daktari anayeanza kazi akae asubuhi moja pamoja nasi kwenye foleni ya methadoni, asikilize tu. Kina mama walio katika foleni hiyo ni wachache, na baadhi yao wameniambia kwamba hawathubutu kumtajia daktari hofu zao kwa kuogopa kwamba watoto watachukuliwa. Wao wanahitaji barua yao wenyewe, iliyoandikwa na mmoja wao.

Mengine yanaweza kungoja bajeti. Moja halihitaji bajeti. Chumba kile cha mwisho wa ukumbi, alichonisikilizia yule afisa wa kliniki, kimejazwa tena tangu wakati huo, na wagonjwa wanasikilizwa nyuma ya pazia. Nilichungulia wiki iliyopita nikitoka kunywa dawa: yamo maboksi ishirini na mawili na viti sita. Mlango bado unafungika. Mkitoa ruhusa, mimi na wenzangu wanne wa foleni tuko tayari kuyabeba siku ya Jumamosi, baada ya dozi.

Wenu mtiifu,

Karani, mkaazi wa Mombasa